Napita Tu

Ukitaka bei ya haki pale Karume, Ilala, anza kwa kuvaa vibaya. Shati lililopauka mabegani, suruali iliyokwisha magotini, ndala. Saa iache nyumbani. Simu, kama ni ya kioo kikubwa, izame mfukoni na isitoke hata mkeo apige mpaka achoke. Muuzaji wa mitumba haangalii nguo unayoitaka. Anaangalia ile uliyokuja nayo, na bei anaisoma humo. Sikiliza tu anavyokuita. Ukiitwa "kaka", shati ni elfu saba. Ukiitwa "mkubwa", elfu kumi na mbili. Ukifika kwenye "bosi wangu" imeshakuwa ishirini, na akikuita "mheshimiwa", geuza urudi nyumbani, maana hapo umeshakuwa mgeni rasmi, na mgeni rasmi kazi yake ni kuchangia.

Ila kuchakaa nako kuna kipimo. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fizikia, alijichakaza kupita kiasi. Akiwa amezubaa kando ya barabara akipanga aanzie meza ipi, mama mmoja mfanyabiashara akamnyooshea kidole: "We kijana, nibebee hili robota mpaka kwenye guta pale." Robota la nguo si mchezo, kilo arobaini na kitu na mengine yanazidi. Mwalimu akapima akaona kujieleza ni aibu kubwa kuliko kubeba, akabeba. Akalipwa buku mbili. Akazinunulia tai, na kwenye kikao cha wazazi alikuja nayo, imekaa vizuri kabisa. Sijui tai nyingine mjini iliyopatikana kwa jasho halali namna ile.

Kujificha huku si kwa ajili ya bei peke yake. Dar es Salaam nzima inavaa mitumba, na Dar es Salaam nzima hainunui mitumba. Muulize mtu shati lake limetoka wapi. Limetoka Dubai. Limeletwa na dada aliyeolewa Ujerumani. Limetoka dukani Sinza, na huyu wa Sinza huenda hata hasemi uongo, kwa sababu wenye maduka ndio wanaowahi robota likikatwa kamba asubuhi. Wanachambua zile kali, wanazipiga pasi, wanazitundika nyuma ya mlango wa kioo mbele ya kiyoyozi, na shati la elfu saba linakuwa la elfu thelathini na tano. Hiyo tofauti ni ada ya kutoonekana Karume. Na ukimkuta jirani yako pale pale sokoni, koti mkononi na jingine begani, atakwambia bila kupepesa: "Napita tu."

Aibu yenyewe tumeirithi. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 na marobota yakaanza kumiminika, watu waliochoshwa na foleni za vitambaa walizipokea hizi nguo kwa mikono miwili. Lakini wazee walikuwa wakiziita "kafa Ulaya", na nani atakiri hadharani kwamba amemvaa marehemu?

Hata serikali zetu zimewahi kupita tu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba ifikapo 2019 mitumba iwe imeondolewa, viwanda vya nguo vya hapa vipate kupumua. Hoja ilikuwa na uzito, siibezi. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikanuna, ikatishia kuzifuta nafuu za kuuza kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na sisi tukaweka koti chini taratibu, tukasema hapana, jamani, tulikuwa tunapita. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo.

Turudi sokoni. Chumba cha kujaribia hakuna. Akina mama wamelimaliza tatizo hili zamani: wanakuja na dera pana, na ndani ya dera hilo wanavua na kuvaa katikati ya umati bila mtu kuona hata goti. Sisi wanaume tuna kanuni ya shingo. Funga kifungo cha suruali, zungushia kiuno chake shingoni. Ncha zikikutana kisogoni, itakutosha. Kanuni hii ni ya kweli kabisa mpaka unapogonga miaka arobaini. Baada ya hapo shingo hubaki ilipo, kiuno kikaendelea na safari yake. Mjomba wangu alinunua suruali tatu kwa ushahidi wa shingo, na zote anazivaa mwanawe wa kidato cha nne.

Shati liinue juani uone kwapa na kola. Suruali ichunguze makalioni, kwani waliotutangulia walikuwa watu wa kukaa. Zipu ipandishe na kuishusha bila haraka. Zipu ya mtumba inaweza kukubali sokoni ikakataa kanisani. Kiatu kikunje, maana hupigwa brashi na kiwi, kikajazwa makaratasi kitune, na soli inayotaka kuachia ikabembelezwa kwa gundi itakayodumu mpaka mvua ya kwanza. Na kwa vile wanaanika mguu mmoja mmoja kuepuka wezi, usilipe kabla mwenzake hajatoka kwenye kiroba. Nimemshuhudia msimamizi wa harusi aliyevaa namba 42 kushoto na 41 kulia, akiingia ukumbini kama mtu anayepanda ngazi. Nguo za ndani usiguse: TBS, shirika letu la viwango, wamezipiga marufuku kwa sababu za kiafya, na hapo sina mzaha.

Na maandishi yasome! Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwite mtoto wa shule. Baba yangu mdogo alivaa kwenye kikao cha harusi fulana ya waridi iliyotangaza kwamba aliyeivaa ana ujauzito wa miezi saba na haombi ushauri wa mtu. Kwa tumbo alilokuwa nalo, wajumbe waliojua kusoma walinyamaza, na mmoja akampisha kiti. Si kosa lake. Kuna fulana zinazosema uongo tangu kiwandani. Mwaka 2011 Pittsburgh Steelers walifungwa fainali ya mpira wa Kimarekani na Green Bay Packers, lakini fulana za kuwatangaza Steelers mabingwa zilikuwa zimeshachapwa. Zikatolewa msaada nchi za mbali, Zambia ikiwemo, ambako Steelers ni mabingwa mpaka fulana zitakapochanika.

Sasa kuhusu kupatana. Jumamosi moja nililiona shati la kitani, la bluu, mikono mirefu. Nikalitafutia kasoro kama inavyotakiwa: doa la wino chini ya mfuko, na kitufe cha pili kutoka chini kilikuwa cheupe wakati wenzake ni wa bluu. Muuzaji akasema elfu kumi. Nikasema tano. Akacheka. Nikatoa silaha ya mwisho ya mnunuzi mwenye akili, yaani kuondoka. Kuondoka huku kuna ufundi wake: unakwenda pole pole, mgongo umelegea, sikio limebaki mezani likingoja "Haya njoo, leta sita." Nikaenda. Nikaenda tena. Sikuitwa. Kurudi haiwezekani, kwa sababu anayerudi hununua kwa bei ya mheshimiwa.

Nikajiliwaza kwenye meza ya suruali. Nilikuwa nimezungushia moja ya kijivu shingoni, ncha zinakaribia kukutana, nilipoinua macho. Katikati ya makoti, kapelo imeshushwa mpaka kwenye nyusi, ndala miguuni, alikuwa amesimama mkuu wa idara yetu ya kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Napita tu. Nafuata spea Gerezani."

"Hata mimi, mzee. Naelekea Buguruni, kuna mgonjwa."

Akampa pole mgonjwa. Nikaipa pole gari. Mfuko wake mweusi ulikuwa umetuna, hakuutazama na mimi sikuutazama, na suruali iliyokuwa shingoni mwangu hakuna kati yetu aliyeiona.

Jumatatu akaingia ofisini na shati la kitani la bluu. Manukato alijipulizia ya kutosha, lakini harufu ya robota ina ukaidi wake. Alipoinama kusaini karatasi zangu, doa la wino likanikonyeza chini ya mfuko. Kitufe cha pili kutoka chini kilikuwa cheupe.

"Shati zuri, mzee."

"Kaka yangu kanitumia. Yuko Manchester." Akaitazama suruali yangu ya kijivu, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Na hiyo?"

"Shemeji, mzee. Yuko Dubai."

"Ana jicho huyo shemeji. Msalimie sana."

"Salamu zitamfika, mzee. Jumamosi asubuhi, Mungu akipenda."

Akafunika kalamu yake, akanirudishia karatasi. "Basi muwahi," akasema, "kabla ya wale wa Sinza."