Heri Mechi Iliyoahirishwa

Kati ya mambo yote yanayomsibu sapota wa AS Nyuki ya Butembo, mashariki mwa Kongo, kuahirishwa kwa mechi ya ufunguzi ndiko kunakotukanwa zaidi na kushukuriwa kidogo. Ni uonevu. Timu ambayo haijacheza haijafungwa. Golikipa hajatunguliwa, mshambuliaji mpya hajakosa penalti, na kocha bado ni mtu mwenye busara. Msimamo wa ligi unaonyesha sufuri kuanzia juu hadi chini, na ndani ya sufuri hizo Nyuki imelingana na TP Mazembe, yenye mataji matano ya ubingwa wa klabu za Afrika, la mwisho mwaka 2015. Ni wikendi gani nyingine ambayo mtu wa Butembo hujipatia usawa na tajiri wa Lubumbashi bila kutoa hata franka moja?

Habari yenyewe huja kwa adabu zake. Jezi imekwisha kufuliwa na kuanikwa, vuvuzela imetolewa chini ya kitanda, wenye pikipiki wamekubaliana watakutana wapi ili waingie uwanjani kwa msafara wa honi. Ndipo redio inaposoma tangazo: wageni wamekosa ndege, au fedha za safari hazijatoka, au sababu haikutajwa kabisa, na tarehe mpya itajulikana baadaye. Hata saa ina mambo yake. Butembo iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, kwa hiyo mechi ya saa nane na nusu ya makao makuu ni ya saa tisa na nusu huku mlimani. Sapota wa Kivu Kaskazini hupata kusubiri kwa saa moja zaidi kabla hata kusubiri kwenyewe hakujaanza.

Wasiopenda fadhila hii wafungue ramani. Kutoka Butembo hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,600 kwa njia ya ndege, na hakuna barabara ambayo basi la timu linaweza kuifuata mpaka mwisho. Lubumbashi iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,300. Kampala, mji mkuu wa nchi nyingine, iko karibu kuliko zote mbili, kiasi cha kilomita 360. Linafoot, yaani ligi ya taifa, imewahi kugawanywa kwa kanda misimu kadhaa ili kupunguza safari, lakini hata kanda ya mashariki si mtaa mmoja. Barabara ya kwenda Goma hupita Kanyabayonga, na waasi wa M23 waliutwaa mji huo mwishoni mwa Juni 2024. Goma yenyewe ikaanguka Januari 2025. Kaskazini mwa Beni zipo sehemu ambazo magari yamelazimika kupita kwa msafara wenye ulinzi wa askari. Ukizijumlisha njia hizo zote, mshangao hugeuka: zipo mechi zinazochezwa!

Historia nayo iko upande wa kuahirisha. Mwaka 1974 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, ilicheza mechi zake zote tatu kwa tarehe na saa zilizopangwa. Uskoti 2, Zaire 0. Yugoslavia 9, Zaire 0. Brazil 3, Zaire 0. Magoli 14 yalipita na hakuna kikao hata kimoja kilichopendekeza wasubiri kidogo.

Mfano wa karibu ni CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, ambayo Kongo imeitwaa mara mbili, mwaka 2009 na 2016. Ile iliyoitwa CHAN 2024 ilikuwa ianze Kenya, Tanzania na Uganda tarehe 1 Februari 2025. Zikiwa zimebaki wiki mbili na ushee, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliisogeza hadi Agosti ili wenyeji wamalizie viwanja. Kwa miezi sita Wakongomani waliishi bila doa. Kisha, Agosti 3, mechi yao ya ufunguzi ikachezwa kweli pale Kasarani, Austin Odhiambo wa Kenya akafunga, wakalala 1-0. Yeyote anayedai kwamba kucheza ni bora kuliko kuahirisha aeleze alichovuna Mkongomani siku ile.

Mpinzani mjanja atataja mwaka 2015. Morocco iliomba Kombe la Afrika liahirishwe kwa hofu ya Ebola iliyokuwa Afrika Magharibi, CAF ikakataa, mashindano yakahamishiwa Guinea ya Ikweta, na Kongo ikarudi nyumbani na nafasi ya tatu. Hoja nzito, ila tuitazame shaba hiyo vizuri. Kongo ilitoka sare mechi zote tatu za makundi, ikaifunga Kongo-Brazzaville 4-2 katika robo fainali, ikafungwa na Kodivaa, kisha ikawashinda wenyeji kwa penalti baada ya sufuri kwa sufuri. Ushindi mmoja tu ndani ya dakika 90. Shaba hiyo ilipatikana kwa kuukaribia sana mwendo wa kutocheza.

Watani wa Kariakoo, wenye viwanja, umeme na kamera, wameionea wivu neema hii wakaifuata. Mei 2021 mechi ya Yanga na Simba ilivunjika kwa sababu saa ya kuanza ilisogezwa kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, na Yanga haikukubali. Machi 2025 ikavunjika tena baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Ilichezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Huko Dar es Salaam kuahirisha kunahitaji ugomvi wa wakubwa. Butembo mvua tu inatosha.

Na ni nini hufanyika Jumapili ile iliyobaki tupu? Mpira unaendelea, ila kwa mdomo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, hupanga kikosi upya kwa hoja, vifungu na rufaa. Wazee wenye kasiksi, pombe ya ndizi, mezani huwarudisha uwanjani mawinga waliostaafu zamani. Nyuki hushinda 3-0, wengine husema 4-0, na uwanja wa Matokeo hubaki na nyasi zake salama. Vijana ambao hutazama kutoka kwenye miinuko bila tiketi nao wamepata haki: siku hiyo hakuna aliyelipa wala aliyepenya.

Mmoja tu huharibu sifa hizi, naye ni mama wa mandazi. Alikanda unga tangu alfajiri, akanunua mafuta kwa mkopo, akalipa kijana wa kubeba makaa hadi karibu na lango. Unga uliokwisha kuumuka haujui maana ya tarehe kutangazwa baadaye. Msifu kuahirisha akifika kwenye meza ya mama huyu, afadhali anunue kumi na anyamaze.

Lipo pia jambo ambalo watu wa huku wanalijua kuliko mpira. Desemba 26, 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba watu wa Beni, mji wa Butembo na maeneo ya jirani hawatapiga kura na wenzao. Wao watasubiri hadi Machi 2019. Sababu zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya aliapishwa Januari 24. Kwa hiyo zaidi ya wapiga kura milioni moja, wakiwamo pia wa Yumbi huko magharibi, waliahirishiwa mechi hadi baada ya kombe kukabidhiwa. Beni haikukaa kimya. Desemba 30 maelfu walijipanga kwenye uwanja wa Kalinda, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura yao wenyewe ambayo hakuna aliyeihesabu Kinshasa. Ndiyo pengine siku uwanja wa mpira ulipotumika vizuri kuliko zote.

Maana mengine hayaahirishwi. Mauaji yaliyoanza kuzunguka Beni Oktoba 2014 hayajasubiri ratiba ya mtu. Ebola iliyotangazwa Agosti 1, 2018 haikumalizika mpaka Juni 25, 2020, ikiwa imeua zaidi ya watu 2,200. Hali ya kuzingirwa, ambayo iliweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya maafisa wa jeshi na polisi tangu Mei 2021, ilitangazwa kwa siku 30. Tangu hapo imekuwa ikiongezwa kwa vipande vya siku 15. Hapo ndipo sapota anapoona kwamba katika nchi hii kuna vitu vya aina mbili: vya kusogezwa mbele na vya kurefushwa. Mechi yake iko kwenye fungu la kwanza, na kwa kulinganisha, hilo ndilo fungu la heri.

Ligi yenyewe imewahi kupiga hatua zaidi. Msimu wa 2019–2020 ulikatizwa na korona mwezi Machi, Mazembe ikatangazwa bingwa mezani. Ule wa 2022–2023 ulivunjwa kabla haujafika mwisho na hakuna aliyepewa ubingwa. Huo ni ufundi ambao Butembo bado inajifunza: kuahirisha msimu wote, ufunguzi na ufungaji kwa pamoja.

Kwa hiyo wakubwa wa ligi waendelee kuahirisha inapobidi. Ndege ikikosekana imekosekana, na barabara ikifungwa imefungwa. Linaloombwa ni moja. Tangazo litoke kabla ya Ijumaa saa sita mchana, saa za Butembo, liseme sababu na tarehe mpya, na mama wa mandazi awe wa kwanza kuambiwa.