Shangazi, Kompyuta Imenichoka

*Shikamoo Shangazi. Kompyuta yangu ya mezani nimeishi nayo vizuri miaka mingi. Siku hizi nikiiwasha, naenda kuoga, narudi, nayo bado inazungusha vile vidoa vyake. Fundi wa Kariakoo anasema niongeze ramu, kutoka GB 8 hadi 16. Nimpe hela? – Mvumilivu, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Hela kaa nayo kwanza. Huyo fundi ameifungua, au amesikia tu ikisemwa vibaya?

Fanya hivi. Fungua vyote unavyovitumia kwa pamoja: kivinjari na kurasa zako thelathini (nakujua), muziki, na lile jedwali la vikoba. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo, kisha uende penye michoro inayopanda na kushuka. Ramu ikiwa asilimia 50 au 60 wakati mashine imelemewa, GB 8 nyingine zitakaa humo bila kazi. Ikigonga 90 na kuendelea, fundi kasema kweli: ramu ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na huko mambo huenda polepole mno.

Ila kwa habari hiyo ya kuoga, naishuku diski. Itazame mara tu baada ya kuwasha: ikiwa asilimia 100 huku ramu inapumua, mchawi umempata. Kompyuta nyingi za mtumba bado zina diski ya kuzunguka, na kichwa chake cha kusomea hukimbia huku na huko kutafuta vipande vya Windows. Weka SSD, diski isiyozunguka. Hata ya GB 240 inatosha mfumo na programu. Picha za harusi zibaki kwenye ile ya zamani.

*Shangazi, nimeweka ramu ya GB 8, kompyuta inatumia GB 3 na ushee tu. Nimeibiwa? – Mama Wawili, Tanga*

Hujaibiwa. Windows yako ni ya biti 32, na hiyo haivuki GB 4 hata uijazie duka zima. Kama prosesa inakubali, wekewa ya biti 64. Nakili mafaili yako kwanza, tafadhali!

*Shangazi, nimepata ramu ya DDR4 kwa bei poa, lakini mashine yangu ni ya DDR3 na haiingii. Nisukume? – Mwenye Haraka, Mombasa*

Wewe! Ule mkato wa ramu umewekwa mahali tofauti kwa sababu ya watu kama wewe. Irudishe dukani leo, kabla muuzaji hajakusahau sura.