Paka wa Kibarazani na Kanga za Jirani

BALOZI WA NYUMBA KUMI ANAJIBU

Shikamoo Balozi. Kila asubuhi natuma picha kwenye grupu la familia: paka wangu kibarazani, ukuta niliopaka chokaa, mtaa unavyoamka. Alama za bluu naziona, lakini hakuna anayejibu. Juzi shemeji kaniuliza kama sina kazi. Niache? — Mwenye Paka, Magomeni Mapipa.

Balozi, kuna mtu hapa mtaani anapiga picha paka wake kila kukicha, na nyuma ya paka zinaonekana kanga zangu nilizoanika. Jumapili jina la kanga lilisomeka vizuri, shemeji yake akadhani fumbo lile ni lake. Sasa hatusalimiani. Nifanyeje? — Jirani Aliyechoka, Magomeni Mapipa.

Barua zimefika siku moja, na haihitaji upelelezi. Nazijibu pamoja.

Mwenye Paka, marahaba. Usiache. Picha zako zina thamani, ingawa si kwa sababu ya paka (asinisikie). Paka ni kisingizio cha kuinua simu. Mali ni kile kilicho nyuma yake. Mnamo 1826 au 1827, Mfaransa Nicéphore Niépce aliweka kamera kwenye dirisha la ghorofani kwake, kijijini Saint-Loup-de-Varennes, akaiacha saa nyingi. Kilichotoka ndiyo picha ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani, na ukiitazama utaona mapaa, kuta na mti. Hakuna mfalme wala bibi harusi. Hata paka asingeonekana, maana kwa saa zote hizo angekuwa ameshahama mara kumi. Mwaka 1835 Mwingereza William Henry Fox Talbot naye alipiga dirisha la nyumba yake, Lacock, na hiyo ndiyo negativu kongwe iliyopo. Shemeji akiuliza kazi, mwambie waanzilishi wa kazi hii nao walianzia nyumbani.

Sisi wa pwani tulianza kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi picha ilimaanisha studio: unavaa, unajipaka poda, unasimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, ndege au ngazi za jumba ambalo hujawahi kulikanyaga. Picha zile ni tamu, na waliozipiga walikuwa mafundi kweli. Ila pazia liliuficha mtaa. Ndiyo maana albamu ya zamani itakuonyesha suti ya babu mpaka kifungo, isikuonyeshe mlango aliotokea asubuhi ile. Sasa tazama hapo kwenu. Nyumba za zamani za Magomeni Kota zilibomolewa, na mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa ya kaya 644 mahali pale pale. Barabara ya Morogoro, iliyokuwa ya daladala, tangu Mei 2016 ina Mwendokasi katikati. Mtoto wa leo akitaka kujua mtaa ulikuwaje, atakayemsaidia ni yule aliyempiga picha kuku au baiskeli, Kota ikaingia nyuma kwa bahati.

Utaniambia kila mtu ana simu sasa, kumbukumbu zitajiweka zenyewe. Sikubali. Kamera ya simu imegeuziwa usoni, na pazia limerudi: watu wanasogeza ndoo, wanachagua ukuta usio na ufa, ndipo wanabonyeza. Tena zinazopigwa hazikai. Stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, picha ya grupu hubanwa ikapungua ubora, na simu ikiibiwa imekwenda na kila kitu. Hapa ndipo nakukosoa wewe, Mwenye Paka. Unatuma picha bila neno, halafu unalalamika kwamba ndugu wamenyamaza. Wajibu nini, na hukuuliza wala kueleza kitu? Andika tarehe. Sema huo ni upande gani wa nyumba na paka anatazama nini. Andika kwamba mafundi wameanza kubomoa duka la kona, uone kama ndugu yule aliyeko Muscat atanyamaza.

Pingamizi lenye uzito ni la wezi. Wazee wataongeza husuda, nami la husuda nawaachia wenye elimu yake. La wezi ni kweli. Picha inayomfaa mjukuu kwa kuwa inaonyesha kila kitu, inamfaa mwizi kwa sababu hiyo hiyo. Simu nyingi, ukiruhusu kamera ijue ulipo, huandika mahali hapo ndani ya faili la picha. WhatsApp huondoa maandishi hayo unapotuma picha kwa njia ya kawaida; ukituma kama dokumenti ili ubora usipotee, husafiri nayo. Basi za dokumenti ziende kwa wawili watatu ambao tayari wanajua unapokaa. Za hadharani zicheleweshe, hasa kama nyumba ni tupu na wewe uko kijijini kwa sikukuu. Wiki mbili hazimpunguzii paka uzuri.

Nawe Jirani, umekosewa, ila si kwa kiasi unachodhani. Kanga ikiwa kwenye waya husomwa na kila mpita njia; ulilijua hilo ulipoinunua, na pengine ndiyo sababu uliinunua. Tatizo ni kwamba mpita njia anajua waya ni wako, ila shemeji aliyeko mbali anaona fumbo limetumwa na aliyetuma picha. Ndiyo, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Usiipelekee kanga. Piga hodi, ingia, mkae, mwambie usichotaka kionekane.

Uamuzi wa Balozi: Mwenye Paka aendelee, aandike tarehe, na asiingize sura za watoto wa watu wala nguo za ndani za jirani bila ruhusa. Jirani aendelee kuanika, ila kanga ile ikunjwe jina lisisomeke mpaka shemeji apoe. Barua za wiki ijayo zifike kabla ya Alhamisi, na wanaotenganishwa na ukuta mmoja wajaribu kwanza kusemezana.