Kijiji kisicho na kuku

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyeyasema hayo hakuwahi kumpokea mama mkwe hapa Bristol. Kwangu siku ya tatu ni safari ya Lacock, na mwenye jembe ni mimi: naendesha gari, nalipia maegesho, nabeba koti ambalo mama atalivua na kulivaa mara kumi na moja kabla ya saa nane.

Hii ilikuwa safari yangu ya sita. Nimeshawapeleka shemeji wawili, binamu, mchungaji, na jamaa mmoja ambaye hadi leo sijajua tunahusianaje. Kila anayeshuka kwenye ndege ana hamu ileile: London ameshaiona kwenye televisheni, sasa anataka kuona Waingereza wa kijijini wanaishije.

Lacock iko Wiltshire, kusini mwa Chippenham. Mitaa yake ya kale ni minne, imekaa kama fremu ya picha. Ukitembea kidogo umerudi ulikoanzia. Mama akasimama katikati ya High Street, akatazama huku na huku.

"Baba Neema, kuku wako wapi?"

"Hawapo, mama."

"Mbuzi?"

"Nao hawapo, mama."

"Sasa hiki ni kijiji cha namna gani?"

Nikamweleza kwamba mifugo ilikuwepo. Biashara ya sufu ya kondoo ndiyo iliyozijenga nyumba zile za mawe na mbao, zilizopinda utadhani zimetoka kilabuni. Siku hizi wanaonyolewa ni sisi. Nilinunua chai ya watu wawili na skoni, nikatazama risiti, nikanyamaza. Mbele ya mama mkwe huwezi kulia.

Kilichomshtua zaidi ni habari ya mwaka 1944. Mwaka huo Matilda Talbot, aliyekuwa amerithi Lacock Abbey na sehemu kubwa ya kijiji, alivitoa vyote kwa National Trust, shirika linalotunza mali za kale. Mama ana kesi ya kihamba huko Moshi, migomba arobaini, inaingia mwaka wa tisa.

"Kijiji kizima? Na ukoo ukakaa kimya?"

"Ndiyo, mama."

Alitembea hatua ishirini bila kusema neno. Hayo ndiyo yakawa mapumziko yangu ya siku.

Nyumba nyingi zina wapangaji, watu kabisa wenye chai mezani na soksi kwenye kiti. Hapo juu hutaona nyaya wala antena, ndiyo maana wapiga filamu hawaishi kuja: BBC waliigeuza mji wa Meryton katika Pride and Prejudice ya mwaka 1995, na Harry Potter naye akapita. Mama hamjui Harry Potter. Anachojua ni kwamba ukiingia kijiji cha watu unasalimia. Kabla sijamwahi alishafika kwenye mlango mmoja. "Hodi! Hodi wenyewe!" Akatoka mzee mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Nikafungua mdomo kuomba radhi. Yeye akanyoosha kidole upande wa pili wa barabara, akatuonyesha vyoo viliko, akafunga mlango.

Tukaingia George Inn, baa ya kale iliyobaki na gurudumu la mbwa karibu na meko. Zamani walimtia mbwa humo ndani, akakimbia, gurudumu likazungusha nyama juu ya moto. Mama anatoka kwa watu wanaoijua nyama choma. Alilikagua gurudumu kama fundi.

"Mbwa ndiye aliyekuwa anageuza nyama?"

"Ndiyo, mama."

"Na asiile?"

Hapo hata "ndiyo, mama" iliniishia.

Tukamalizia Abbey, iliyokuwa nyumba ya watawa wa kike hadi Henry VIII alipozivunja nyumba za aina hiyo. Kuna dirisha moja dogo hapo ambalo William Henry Fox Talbot alilipiga picha Agosti 1835, na ndiyo negativu ya kamera ya zamani zaidi iliyobaki hadi leo. Ni ndogo kama stempu, lakini ilipokuwa mpya ungeweza kuhesabu vioo karibu 200 kwa kutumia lenzi. Nilikuwa nimeyakariri hayo ili nimpendeze mama. Yeye alikuwa ameshanipa mkoba, anapiga. Dirisha, picha kumi na nne. Mama na dirisha, thelathini na mbili, kwa sababu katika zile za kwanza nilimkata kilemba.

Zote arobaini na sita zikaenda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hatujafika kwenye gari, simu ikalia. Mdogo wake wa Marangu: kijiji kizuri, lakini mbona hakuna hata mgomba? Anakuja Juni, atajionea mwenyewe, Baba Neema anaijua njia.