Sifa za Mtazamaji wa Nyumba Asiyenunua

Miongoni mwa watu wanaodharauliwa jijini Dar es Salaam bila kosa la wazi, mtazamaji wa nyumba asiyenunua anastahili nafasi ya juu, kwa kuwa dalali humwita msumbufu, mwenye nyumba humdhania mpelelezi, na mkewe, aliyekwisha kuchoka kuonyeshwa majiko ya watu usiku wa manane, humshauri azime simu alale. Hata hivyo, akipimwa kwa haki, huyu ndiye mwenye busara kuliko wote waliomo katika soko la ardhi, na kasoro yake pekee, yaani kukosa fedha, ndiyo chimbuko la fadhila zake zote.

Hakuna asomaye tangazo kwa makini kama yeye. Anajua kwamba "dakika tano kutoka lami" ni dakika za bodaboda, tena wakati wa kiangazi. Kwamba "bei maelewano" humaanisha mwenye mali ameanza kukata tamaa. Na kwamba "masta", yaani chumba cha kulala chenye choo na bafu ndani yake, huweza kuwa na choo kilichokamilika kwa kila kitu isipokuwa maji. Mnunuzi mwenye haraka huvutiwa na kochi lililo pichani, ilhali mtazamaji huikuza picha mpaka akaona, nyuma ya kochi hilo, mstari wa matope uliokauka ukutani, akatambua mara moja kwamba sebule hiyo hutembelewa na mafuriko ya masika, jambo ambalo tangazo kwa adabu yake halikulitaja.

Elimu yake ya sheria nayo si haba. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, hivyo mwenye hati hupewa tu haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Ikiwa ndivyo, basi mtazamaji anayemiliki nyumba ya Mbezi Beach kwa macho tu, robo saa kwenye simu, akiwa amelala kitandani kwake Tandale, hutofautiana na mwenye hati kwa urefu wa muda tu, tena akiwa na nafuu ya kutodaiwa kodi ya pango la ardhi, ambayo mmiliki hulipa serikalini kila mwaka. Kodi ya majengo ni suala jingine, kwa sababu tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na mpangaji anayejinunulia umeme anaweza kudai kwamba amekwisha kuanza kuwa mwenye nyumba.

Zaidi ya hayo, hatapeliki. Maandishi "NYUMBA HII HAIUZWI", yanayopakwa rangi kwenye kuta nyingi za jiji, yapo kwa sababu wapo wanaouza nyumba za wenzao, na wapo wanaouza kiwanja kimoja kwa watu watatu; lakini tapeli hana la kumfanya mtu ambaye hakukusudia kulipa. Hasara yake kubwa ni ile fedha kidogo anayotozwa na dalali ili apelekwe kuiona nyumba, na hata hiyo ni mchango kwa dalali ambaye wanunuzi halisi humjia kwa nadra.

Walio mabingwa katika fani hii hufika Kigamboni wakiwa na futi kamba mfukoni, wakapima sebule kwa ajili ya makochi wasiyokuwa nayo, kisha wakaikataa nyumba ya shilingi milioni mia nne kwa kuwa jiko linapigwa na jua la magharibi. Huikataa kwa masikitiko ya kweli, na kumsihi dalali apige simu pindi itakapopatikana nyingine yenye upepo wa bahari.