Sifa za Faili Lisilofunguka

Kutopatana kwa programu, mitambo na mafaili ya kurekodia sauti ni neema ambayo mafundi wa studio huishukuru kwa matusi. Hata hivyo, hakuna mwalimu wa hesabu aliyeifikia. Sauti ya CD huhesabiwa kwa sampuli 44,100 kila sekunde, ya video kwa 48,000. Namba ya kwanza ilirithiwa kutoka kwenye mikanda ya video iliyotumika kuhifadhi sauti ya kidijitali kabla ya CD: sampuli 3 kwa mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Programu ikilisoma faili la 48,000 ikidhani ni la 44,100, dakika moja hunyooka kuwa sekunde 65, na binti aliyeimba husikika kama kaka yake. Somo hilo halisahauliki, na ada yake ni wimbo mmoja tu.

Kutopatana huko hufundisha kiasi pia. Faili la WAV, lililobuniwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, huandika ukubwa wake kwa biti 32, kwa hiyo halivuki gigabaiti 4. Mkesha unaorekodiwa kwa chaneli mbili, biti 24 na sampuli 48,000 hulijaza baada ya saa nne na dakika chache. Ni wahubiri wachache waliowahi kuwekewa mpaka ulio wazi namna hiyo.

Mwaka 2019 mfumo wa kompyuta wa macOS Catalina ulipokataa programu za biti 32, plagini nyingi zilizolipiwa kihalali zilinyamaza, na wenye studio wakaepushwa na dhambi ya kupenda mali. Aibu ya ukoo huu wa programu na mitambo ni itifaki ya MIDI ya mwaka 1983, ambayo hadi leo huunganisha kinanda kikuukuu na kompyuta mpya bila ugomvi. Utii wa aina hiyo haujamkomaza mtu.

Lakini heshima kuu ni ya faili la mradi. La programu ya FL Studio halifunguki kwenye Cubase, wala la Cubase kwenye Logic. Hivyo prodyuza wa Mwanza anayempelekea mwenzake wa Dar es Salaam wimbo wa kumiksi hulazimika kutoa kila traki peke yake kuwa WAV, zote zikianzia sifuri, kila moja na jina lake, kasi ya wimbo ikiandikwa pembeni. Jioni nzima huishia hapo. Programu ikishakufa na leseni kupotea, traki hizo ndizo zitakazofunguka. Na kama miradi ingehama kwa urahisi, nani angejisumbua kuzitoa?

Mwaka 2023 Bitwig na PreSonus walileta DAWproject, muundo wa wazi wa kuhamishia miradi kutoka programu moja hadi nyingine. Kwa bahati njema, si kampuni zote zilizoupokea.