Hongera, Mji wa Vilima

St. Louis, Marekani, ilipewa jina la utani la Mji wa Vilima kwa ajili ya vilima vya udongo vilivyojengwa na Wenyeji wa Amerika karne nyingi kabla Mzungu hajakanyaga huko. Jina limetunzwa vizuri mno. Vilima ndivyo vilivyosahauliwa kutunzwa. Kikubwa kuliko vyote jijini kilimalizwa kubomolewa mwaka 1869, makaburi yake yakiwemo, na udongo ukaenda kujazia njia ya reli. Wafu hawakuulizwa kama walikuwa na safari. Vya Forest Park vilisawazishwa kupisha Maonesho ya Dunia ya 1904, watu walikolipa kiingilio wakashangae ustaarabu.

Wewe mtalii wa leo usikate tamaa. Upo Mtaa wa Mound, yaani Kilima, tambarare kabisa. Kipo pia Sugarloaf, kilima cha mwisho jijini, ambacho watu walikijengea nyumba utosini. Mwaka 2009 Waosage, kabila la Wenyeji wa Amerika, walinunua sehemu yake. Naam, walinunua, kwa fedha, kilima cha mababu zao.

Ng'ambo ya mto Mississippi, huko Cahokia, kimesalia kilima cha mita 30 hivi, ndani ya eneo la Urithi wa Dunia tangu 1982. Kinaitwa Kilima cha Watawa. Watawa wenyewe walifika mwanzoni mwa karne ya 19, hawakupandisha hata kikapu kimoja cha udongo, wakalima mboga juu yake miaka michache, wakaugua homa, wakaondoka. Laiti wajenzi wangejua, wangepanda mchicha.